Mashine Haina Mimba

Bwana asifiwe, kanisa! Hapana, hiyo ni amina ya watu wenye njaa. Bwana asifiwe! Na wewe uliyekaa karibu na mlango, asifiwe hata kwako, maana hapo ndipo mimi nilikuwa nikikaa, nipate kutoroka kabla ya sadaka.

Kwa jina naitwa Muriuki, lakini hapa Kiganjo nani ananiita hivyo? Mnaniita Daktari. Mimi ndiye ninayewapandisha ng'ombe wenu na kuwazalisha, na nimefanya hiyo kazi tangu nikiwa na nywele kichwani. Mungu alinipa mkono wa hiyo kazi, nasema bila kujigamba. Kiwele kikijaa, chuchu ziking'aa, na mishipa ya karibu na mkia ikilegea, nakuambia, mama, leo usiende sokoni, ng'ombe anazaa. Na anazaa. Ndugu zangu, shetani hakunikamata kwa ujinga wangu. Alinikamata kwa ujuzi wangu!

Iko nyumba moja ya kamari Nyeri mjini, ghorofani, madirisha yamefunikwa pazia nzito, hujui kama ni asubuhi ama ni jioni. Mara ya kwanza nilipanda huko kumtafuta mtu aliyeniahidi dawa ya kupe. Huyo mtu sikumpata. Nikaona mashine zimepangwa safu, na juu yake namba kubwa inawaka. Hiyo namba ndiyo jakpoti, pesa za atakayeshinda, na haitulii. Kila mtu akibonyeza, inapanda kidogo. Unaiacha leo iko hapa, unarudi kesho imenenepa. Ati imenenepa! Mnaona vile nilikuwa nimeanza kufikiria?

Mimi nikaona mimba. Nikajiambia, kitu kinachonenepa kila siku lazima siku moja kizae, na siku hiyo nataka niwe hapo nimeshika miguu. Nikaanza kuzipima zile mashine kama ninavyopima ng'ombe wenu. Wachezaji wenzangu waliposikia kazi yangu, wakaanza kuniita. "Daktari, kuja uangalie hii, iko miezi ngapi?" Na mimi, mjinga na kofia yangu, naangalia namba, natikisa kichwa, nasema, "Hii bado wiki. Ile ya kona ndiyo imelegea." Wakanifuata! Watu wazima wenye watoto wakatia pesa zao pale nilipoonyesha kidole. Hiyo nimeitubu peke yake, mbali na zile zingine.

Ndugu zangu, sitawaambia ni pesa ngapi zilienda. Mke wangu Wangechi anajua, na Mungu anajua, na hao wawili wananitosha. Wangechi hakuhitaji hata kuulizia mfuko. Aliniambia, "Siku hizi unarudi bila kunuka ng'ombe." Bibi ya daktari wa ng'ombe anajua harufu ya kazi. Nikamkasirikia, nikasema nimeanza kuoga kwa wateja. Uongo gani huo jamani!

Sasa nisikilizeni vizuri, nafika kwa siku yenyewe.

Shosho Nyaguthii, yule nyanya yetu pale wa kitambaa cha kijani, alikuwa na ng'ombe mmoja tu, jina lake Maridadi. Ni mjane, mnajua, na ng'ombe huyo ndiye alikuwa shamba lake na mume wake. Nilimpandisha mimi. Alikuwa amekauka maziwa miezi miwili akingojea kuzaa, na shosho alikuwa anahesabu siku kwa makaa ukutani. Jumanne moja, kama saa sita mchana, nikiwa nimekaa mbele ya ile mashine ya kona, simu ikalia.

"Daktari, imeanza. Lakini naona mguu moja."

"Moja tu?"

"Moja tu. Na kichwa sioni."

Ndugu zangu, hapo sikuhitaji kuambiwa. Mguu mmoja bila kichwa, huyo ndama amejipinda ndani. Ukifika mapema, unaingiza mkono, unamrudisha nyuma, unamnyoosha, mnakunywa chai. Ukichelewa, unawapoteza wote wawili. Nilijua! Nikamjibu shosho, "Niko njiani." Mnaijua hiyo niko njiani yetu. Sikuwa njiani, nilikuwa nimekaa, na kidole changu kilikuwa kwa kitufe.

Mungu hakuniacha hata hapo. Mashine ya kando iliharibika, akaja fundi wao, mzee mmoja Mwislamu wa mjini, jina lake Yusufu, ambaye nilikuwa nimewahi kumtibia mbuzi. Akaniona nimekodolea macho ile namba, akaniuliza nangoja nini. Nikamwambia imeiva, inazaa leo. Yusufu akaweka bisibisi chini. Akasema, "Daktari, mashine haina mimba. Haikumbuki kitu. Ukibonyeza mara elfu, hiyo inayofuata ni kama ya kwanza. Namba inapanda kwa sababu ya pesa yenu, na ya watu wa Karatina na Embu, wote mmeungwa pamoja. Haipandi ati kwa sababu iko karibu."

Nikamwuliza, sasa nafasi yangu ni gani? Akasema, "Jaza lori na mahindi, punje moja uipake rangi. Funga macho, chota moja. Sio hiyo? Irudishe, changanya lori yote, chota tena. Hiyo ndiyo kazi unafanya hapa."

Ukweli wote nikapewa bure, na shosho ananingoja! Unafikiri niliinuka? Nikasema moyoni, huyu analinda mali ya tajiri wake, anataka nitoke ndiyo waichukue wenyewe. Simu ikalia tena. Nikasema niko njiani. Ikalia mara ya tatu, sikushika. Na ile mashine haikunipa hata ya mafuta ya pikipiki yangu kurudi.

Nilipofika kwa shosho, jua lilikuwa linaelekea milima ya Aberdare. Majirani walikuwa wamevuta kwa kamba. Ndama alikuwa amekufa, na Maridadi alikuwa amelala, macho yamegeuka. Nikapiga magoti kwa matope, nikafanya kila kitu ninachojua. Akafia mikononi mwangu.

Nilingoja shosho anitukane. Nilitaka anitukane! Alinishika bega akasema, "Pole, Daktari. Barabara ilikuwa mbaya?" Halafu akaniletea chai, akaniomba msamaha, eti leo ni ya rangi, maziwa hakuna.

Niliangusha kikombe, nikalia kama mtoto, mbele ya majirani. Nikasema, "Shosho, barabara haikuwa mbaya. Nilikuwa kwa mashine. Nilikuwa nimekaa tu." Halafu shosho akaweka mkono wake kwa kichwa changu, akaomba kwa Kikuyu, maombi mafupi sana, kwamba mtoto huyu amefungwa kamba, Mungu, mfungue. Basi. Na mimi nawaambia, kuna kitu kilikatika! Bwana asifiwe!

Lakini sitawadanganya tena. Kesho yake miguu bado ilitaka kwenda. Nikaenda, nikidhani ni mara ya mwisho, nikampa mlinzi wa mlangoni picha yangu. Nikamwambia, "Huyu akija, mfukuze." Akacheka, "Si ni wewe?" Nikasema ni mimi, na hata nikikulilia, mfukuze. Wiki mbili hazikuisha, nikarudi. Ndiyo, nilirudi, niandikieni hiyo! Na yule mlinzi akanifukuza na rungu mpaka stendi, watu wakiangalia. Wengine mnatumiwa malaika. Mimi nilitumiwa rungu, na nashukuru.

Mtamba wangu mwenyewe, mwenye mimba, nilimpeleka kwa shosho awe wake, Wangechi akiwa mbele ameshika kamba. Amezaa salama. Mnaniuliza kama shosho alinisamehe. Mimi mwenyewe nilimwuliza mara moja, akanijibu, "Ng'ombe nilikusamehe siku ile ile. Ule uongo wa simu ndio ulinichukua muda."

Ndugu zangu, hapo ndipo pa kuanzia. Usingoje ushinde kwanza ndiyo uache. Usingoje urudishe zilizopotea. Hazirudi! Kuna mtu anakuamini sasa hivi, anakungoja, na wewe unamdanganya ukiwa umekaa. Mtaje. Sema ukweli ukiwa na matope kwa magoti, kama mimi, na Mwokozi atashughulika na kamba. Mimi niko hapa, nitatembea na wewe mpaka kwa huyo mtu, na kama ni mbali tutaenda na pikipiki yangu.

Mchungaji ananionyesha saa, ati dakika zangu zimeisha. Nitakaa, Mchungaji. Lakini nimewaona watu wawili wakiinamisha kichwa, na mimi nimezoea kungoja mahali pabaya. Leo nangoja hapa. Sikai chini mpaka mmoja ainuke.