Keki ya Lozi Kwenye Harusi ya Jirani

Kina mama wenzangu, mwenyekiti ameniambia nikae niongee kwa raha. Nitasimama, maana nikikaa nitalia. Majina sitataja, wengine tunakutana nao sokoni kila siku.

Wa rika langu mtakumbuka, sukari na ngano vilikuwa vya kuvizia. Kisha biashara ikafunguliwa, maduka ya hapa Sumbawanga yakajaa vitu ambavyo hatukujua hata vinaliwaje. Mimi nilikuwa naoka keki pale Katandala, kwa sufuria, moto juu na moto chini. Aliyenifundisha ni jirani yangu, mama wa Kiislamu, mumewe ana duka. Alinifundisha bure, akaniletea na wateja, karibu ukoo wake wote.

Siku moja mchuuzi kutoka Tunduma akaniuzia chupa yenye picha ya lozi. Akasema Wazungu wanakolezea keki. Na kweli wanakolezea, hakunidanganya. Nikalamba: tamu, inanukia, inawasha kidogo. Sasa arki ya vanila nayo ukiilamba si inawasha? Sikushtuka. Maandishi yake ya kigeni sikuyajua. Nikawa nainyunyizia keki ikishapoa, na kwenye kastadi natia kijiko. Watu wakajilamba vidole.

Jirani akaoza binti yake, keki ya harusi akanipa mimi. Bwana harusi akamlisha bibi harusi, wazee wakalishwa, sahani zikazunguka. Mjomba mmoja wa bwana harusi, dereva wa malori aliyetembea nchi nyingi, akatema kipande chake kwenye leso. Akauliza, tena kwa upole, nani ametia pombe humu.

Nikakimbia nyumbani kuleta ile chupa, ndugu zangu. Niliileta mwenyewe, niwaonyeshe kwamba ni arki. Mwalimu mmoja akasoma maandishi, akainamisha kichwa, akasema ni pombe kali.

Nikaapa kwamba sikujua. Nani aniamini? Mama yangu kule Milepa alikuwa mpika pombe ya ulezi, na mji mzima unajua. Mtoto wa mpika pombe asijue pombe? Lakini pombe niliyoijua mimi inanuka chachu, inatoka kwenye mtungi. Hii ilinukia lozi.

Jirani hakunitukana. Alisema tu, "Nilikukabidhi midomo ya wageni wangu." Akanigeuzia mgongo.

Nawaambia, afadhali angenipiga. Wateja wa Kiislamu wakaondoka, walokole nao wakafuata. Waliobaki ni walevi, wanapita mlangoni wakicheka, wananiomba keki ya kulewesha. Hata maandazi yangu yaliharibika kwenye beseni. Wanangu wakachekwa shuleni. Nikarudi Milepa kulima, na huko nilikuwa nalala mchana kama mgonjwa, sitaki kuona mtu. Ule moyo wa kuoka ulikufa kabisa.

Aliyenifufua ni yule bibi harusi. Alikuja shambani akiwa na mtoto mchanga mgongoni.

"Shikamoo, mama mdogo," akasema. "Nataka keki ya akika ya mwanangu. Utaokea kwetu, na mama atakaa hapo hapo jikoni."

Nilikwenda. Mama yake alikaa kwenye kigoda, akapasua kila yai yeye, akanusa kila kichupa. Keki ilipoiva akaibeba mwenyewe mpaka kwa wageni, akakata kipande, akala wa kwanza, wote wakimtazama. Ndipo akasema, "Kuleni. Nimeona kila kilichoingia."

Nilitoka nje nikalia nyuma ya nyumba.

Tangu hapo, anayeniagiza keki namwomba alete mtu wake akae jikoni. Ndivyo nilivyorudi kazini. Namshukuru binti yule, na mama yake, japo urafiki wetu haukurudi ulivyokuwa. Tunasalimiana vizuri. Zamani tulikuwa tunacheka.

Ninachowaomba ni hiki: usichokijua, kiulize kabla hujakitia kwenye chakula cha mwenzako. Yule mwalimu aliyeisoma chupa alikuwa jirani yangu pia, nisingetembea hata hatua nyingi.

Na kama humu ndani kuna aliyekula keki ile, akaondoka harusini kabla mambo hayajajulikana, namwomba msamaha leo. Wengine niliwatafuta, nikaambiwa wamekwishazikwa. Asanteni.