Hilda Danieli na Masale ya Getini

Shikamooni wazee wetu, na poleni nyote kwa msiba. Wasifu huu wa Hilda Danieli unasomwa na wifi yake Mektrida, mke wa kaka yake Filemon, kwa ruhusa ya Filemon mwenyewe, aliyekaa pale mbele.

Hilda alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 hapa Old Moshi, mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Danieli na Mama Ruth. Yeye na Filemon walikulia kwenye kihamba hiki hiki, shamba la ukoo wetu, wakichuma kahawa na kukata majani ya ng'ombe, na ukimchapa mmoja alilia mwingine. Alisoma hapa kijijini, akamaliza kidato cha nne mwaka 1969 na kuhitimu uuguzi mwaka 1973.

Mwaka 1976 alifunga ndoa na Sylvanus, seremala wa Njoro. Walipendana jamani, tusifiche. Hawakujaliwa mtoto, na Sylvanus alifariki mwaka 1992. Tulidhani Hilda atajifungia ndani. Wapi! Mwaka 1994 kanisa lilipotangaza kwamba wauguzi wanahitajika kambi ya wakimbizi kule Ngara, alisimama kabla tangazo halijaisha.

Kule alihudumia hema la watoto waliodhoofu kwa njaa. Waliopata nafuu aliwapikia mtori, maana ndizi za Ngara zilimkumbusha nyumbani. Kulikuwa na binti mdogo aliyekuwa hasemi wala hali. Hilda alikaa naye chini, kijiko kimoja akala yeye, cha pili akamwekea mtoto mdomoni, huku akiimba nyimbo za Sunday school, mpaka siku moja yule binti akamnyang'anya kijiko na kujilisha mwenyewe. Baada ya hapo akina mama wakaanza kuleta watoto ili awashike tu, wakisema mikono yake inaponya. Mmoja alitaka maombi bila dawa.

"Mama, tutaomba huku anakunywa dawa," Hilda alimwambia. "Anayeponya ni Bwana. Mimi nashika kijiko."

Agosti 1996 Mama Ruth alizidiwa, akawa anamwita Hilda. Tulimpelekea ujumbe kwa redio ya kanisa. Siku hizo hema lake lilikuwa limejaa watoto wenye surua, na muuguzi mwenzake alikuwa mgonjwa. Alijibu, "Mwambieni mama anisamehe, nikiondoka sasa hawa wataisha." Mama akafa. Filemon akaahirisha mazishi ili mdogo wake awahi, jeneza likakaa sebuleni, watu wakanong'ona, na Hilda hakutokea. Watoto wengi wa lile hema walipona, Mungu ashukuriwe. Ila Hilda mwenyewe hakuwahi kujitetea kwa hilo. Alisema mama alimwita naye hakuja, basi.

Aliporudi mwishoni mwa 1997 alihamia Shirimatunda, kule mjini, na Jumapili ya kwanza akapanda kuja hapa, ameongozana na Mzee Melkior, mzee wa ukoo, ameshika shina la isale. Sote tunajua: ukiletewa isale ukalipokea, umesamehe, hakuna kubisha. Filemon alilijua hilo kuliko sisi wote, ndiyo maana alihakikisha halimfikii mkononi. Akisikia tu sauti ya Hilda getini, alipita migombani na kwenda zake mferejini, eti ana zamu ya maji. Mfereji ule haujawahi kupata mwangalizi mwenye bidii namna ile!

"Wifi, kaka yupo?"

"Ametoka sasa hivi. Chai yake bado ina moto."

"Basi nitaimaliza mimi," alisema akicheka, akakaa na kuinywa. Akiondoka, alichomeka lile shina la isale kando ya geti, nalo likashika. Alikuja tena, na tena, miaka yote hiyo. Yale masale mliyoyapita mkiingia leo hakuyapanda mtu mwingine.

Mwaka jana alipatikana na saratani ya ini. Akina mama wa kanisa walipokwenda kumwombea uponyaji, aliwaambia, "Mwili huu mwachieni Mungu. Mimi niombeeni kaka aje." Walimwambia Filemon. Nami nilimwambia, sebuleni na jikoni, hadi akachoka kunisikia. Kila mara alijibu kwamba atakwenda Jumapili.

Jumatano, tarehe 12 Mei 2004, Filemon aliamka, akakata isale kwenye yale ya getini, akavaa koti la kanisani na kushuka hospitalini alikolazwa Hilda, bila kuaga mtu. Muuguzi alimpokea mlangoni akamweleza kwamba Hilda alifariki alfajiri. Filemon alirudi na isale lake nyumbani. Inatuuma, tena sana, kwa sababu barabara ya kushuka mjini ilikuwepo siku zote.

Hilda ameacha kaka mmoja, Filemon, wifi, Mektrida, watoto wa kaka yake, Gladness na Elifuraha, aliowalea kama wake, na watoto wa Ngara, ambao kwa sasa ni watu wazima, popote walipo. Isale lile litapandwa kichwani pa kaburi lake leo. Filemon ameshindwa kusimama kusema, ameomba nimsemee neno hili: "Hilda, mdogo wangu, leo sikwenda mferejini. Nipo nyumbani."

Bwana aliyemtumikia ampe pumziko la amani.