Buti la Miaka Arobaini na Tisa

Basi lilikuwa limeshafunga milango pale binti mmoja alipoligonga kwa kiganja. Akaingia akihema, akaketi kando ya Wendell Crouse, fundi viatu wa mtaa wa kale wa matofali usioingiwa na magari.

"Mzee Crouse? Nimekukosa dukani. Mimi ni Odette wa mipango miji, tuliongea kwenye simu."

"Ahaa! Nyie ndio mnaotaka kuning'olea buti langu."

Buti lenyewe ni bango la bati jekundu. Marehemu mkewe, Bernice, ndiye aliyelipaka rangi na kulitundika juu ya mlango.

"Mwongozo wa kuhifadhi mtaa unalinda mabango yaliyotimiza miaka hamsini tu, mzee. Lako lina arobaini na tisa."

"Kwa hiyo mnalishusha ili mtaa ubaki wa kale?" Wendell alicheka kicheko kikavu. "Kosa la Bernice. Angelipaka mwaka mmoja mapema, lakini alikuwa na mimba. Mwanamke mzembe kweli!"

Abiria wa mbele aligeuka, kisha akajifanya anatazama theluji.

"Pingamizi lako la kuzuia lisishushwe linataka saini ya mtu wa ofisini kwetu," Odette alisema. "Nilikuahidi nitasaini mimi."

"Kwenye simu kila mtu huahidi. Ukisaini watakufukuza kazi, binti."

"Bosi ameshaniambia hivyo."

Odette aliweka karatasi ya pingamizi gotini, akangoja basi lisimame ili maandishi yasipinde, kisha akaandika jina lake lote, pamoja na cheo alichokuwa angali nacho.