Wifi ya Soko la Mutshatsha

Katika treni ya kwenda Mutshatsha, Mama Blandine, muuza makaa, aliacha kuangalia dirishani. Mbele yake binti aitwaye Darlène, aliyepakata antena, alikuwa akimweleza mzee aliyeketi kando yake kwamba anakwenda kufunga wifi sokoni.

"Mi nilifanya ile kazi Kolwezi, ku Kasulo," alisema yule mzee, Tata Ngeleka. "Mutu moja analipa, anapatia majirani bote namba ya siri. Connexion na mazutu ya jenereta, ni mi peke niko nalipa."

"Mi natumia panneau ya jua, tata. Na batu bataingia bule. Benye maduka ndio batalipa, juu wifi itabaletea baclient."

"Bangapi balikubali?"

Darlène aliipangusa antena, ingawa haikuwa na vumbi.

"Bawili. Na paroisse."

"Paroisse hailipake!"

Mama Blandine, mwanakwaya wa parokia hiyo, aliitikia kwa kichwa.

"Rudia Kolwezi, mutoto yangu."

"Nilisha kuacha kazi ya kuchimba ku mine ya kule, tata."

Treni ikasimama Mutshatsha. Mzee alishika upande mmoja wa antena, akamsaidia kuishusha, huku bado akimkataza.