Sufuria ya Mpini

Kijiwe chenyewe ni benchi moja lililoegemea ukuta wa duka la vipuri; ukichelewa, unakalia tairi. Asubuhi hiyo Kipimo, fundi cherehani, aliwahi benchi, mkono mmoja umefungwa kipande cha bitana, mwingine umeshika machubwi matatu ya risasi, vile vizito vya kuzamishia mshipi. Alitaka kumi. Jumamosi anakwenda kuvua na baba mkwe, mzee ambaye tangu siku ya posa humwita “yule wa sindano”, naye ameapa mishipi yote ataifunga mwenyewe, kuanzia ndoana hadi chubwi. Sasa jana risasi ikamlipukia alipoimimina kwenye kalibu ya mchanga, machubwi saba yakaishia ukutani. Tena aliiyeyushia kwenye sufuria ya mpini, ile ya uji wa mtoto, akaificha nyuma ya pipa. Mkewe anarudi leo kutoka kwao. Kasheshe hiyo!

— Niambieni jambo moja tu, — alisema. — Kwa nini ililipuka?

— Mchanga wa kalibu ulikuwa na maji, — alisema Birika, muuza kahawa, akisuuza vikombe.

Hakuna aliyemjali. Jibu fupi kijiweni halihesabiki.

— Risasi yenyewe uliitoa wapi? — aliuliza Gia Tano, dereva mstaafu.

— Kwenye betri bovu la lori.

— Ndiyo hiyo! Umeme ulibaki humo. Umeutoa kwenye lori unautia mchangani, usikasirike?

— Umeme wapi! — alidakia Profesa, kinyozi asiyepitwa na gazeti hata la mwaka juzi. — Risasi kuna dume na jike. Umezichanganya. Wahenga walisema, fahali wawili hawakai zizi moja.

— Fahali wawili ni madume matupu, Profesa.

— Ndiyo maana wakalipuka.

Kipimo alicheka, japo mkono ulimwuma kwelikweli.

— Mimi nasema ni mwezi, — Gia Tano hakukubali kushindwa. — Chubwi ni kitu cha bahari, na bahari inafuata mwezi. Jana mwezi ulikuwaje? Mchanga! Na kalibu je? Mchanga! Mchanga juu, mchanga chini, risasi ipite wapi?

— Mchanga ulikuwa na maji, — alisema Birika.

— Birika, bwana, wewe mimina kahawa.

Gia Tano akapuliza kikombe chake.

— Ila risasi si ya kuchezea. Pale gereji yetu wavunja betri walikatazwa hata kushika mkate bila kunawa. Mmoja mwanawe alipimwa, ikakutwa kwenye damu. Mtoto mpaka leo anachelewa kusema.

— Huyo akienda kuvua hahitaji chubwi, — alisema Profesa.

Benchi zima likacheka. Kipimo naye alianza, kisha akayaweka machubwi chini ya benchi, akajifuta kiganja.

Hapo akatokea shemeji yake, mdogo wa mkewe, mikono ina povu mpaka viwikoni.

— Shikamooni.

— Marahaba.

— Shemeji, tumefika. Dada anauliza, ile sufuria ya mpini tuliyoikuta nyuma ya pipa ina nini? Amesugua kwa majivu, amesugua kwa mchanga, weusi umegoma.

— Risasi hiyo, — alisema Profesa kabla Kipimo hajamkonyeza.

— Haya. Na risasi inatoka kwa sabuni gani?

Gia Tano alitazama tairi. Profesa, mwenye jibu la kila kitu, alikunywa kikombe kilichokwisha zamani.

— Uji ameupikia kwenye nini? — Kipimo aliuliza.

— Humo humo, angefanyaje? Mtoto analia njaa tangu kwenye gari. Nimeuacha unapoa kwenye bakuli.

— Mama yangu!

Kipimo alikurupuka. Mambo ya baba mkwe na Jumamosi yake yalimtoka kichwani palepale. Alikimbia, bitana inamfunguka mkononi, na shemeji nyuma yake anauliza kuna nini.

Machubwi matatu yalibaki chini ya benchi. Birika aliinama, akayaokota kwa kitambaa, akayaweka mbali na vikombe.