Kifo Changu Msimlipishe Nilamma

Yamanappa, mwanangu, rudisha huo mlango uketi hapa karibu na kichwa changu. Na wewe Huligevva, binti yangu, futa machozi kwanza, maana nikikuona unalia nitapotewa na maneno, na pumzi niliyobaki nayo si ya kuchezea.

Nyumba hii ni yenu wote wawili, chumba cha mbele cha kaka, cha nyuma cha dada, na nyati mtamkamua kwa zamu bila kuchunguliana ndoo. Nilivyoipata ni hivi. Baba yangu hakujaliwa mtoto wa kiume, na binti akiolewa huondoka, basi nilipokuwa na miaka kumi akanipeleka hekaluni kwa mungu wetu wa kike, Mama Yellama, nikavishwa sari ya kijani na kufungwa shanga nyekundu na nyeupe shingoni, nikaambiwa nimeolewa na mungu, sitatoka nyumbani na nitarithi kama mwanamume. Nilifurahi, kwa kuwa siku ile nilikula chapati za sukari guru mpaka zikanishinda. Miaka ikapita, nikavunja ungo. Mungu hakuja. Aliyekuja ni mwenye mashamba, na baada yake wengine, na baba alikuwa akitoka nje kukaa na nyati mpaka waondoke. Ndiyo maana mliandikishwa shule bila jina la baba, na wewe Yamanappa ukapigana na nusu ya darasa. Mama Yellama sijamkana, nyimbo zake nimeziimba mpaka mwaka huu. Ila yale hayakuwa yake, yalikuwa ya watu.

Sasa nakuja kwa Nilamma, binti yako, Yamanappa. Alipotimiza miaka saba nywele zake zilisokotana zikashikana, na mama mkwe wako Mallavva akaja na manjano, akampaka kichwani, akasema, "Huyu ameitwa na Mama Yellama. Asiguswe kwa maji wala kitana." Na wewe, mtu mzima mwenye masharubu, ukaitikia. Siku ulipokwenda mnadani na pilipili zako, mtoto akanijia.

"Bibi, kunawasha."

"Wapi?"

"Kote. Bibi Mallavva anasema nikijikuna Mama Yellama atakasirika."

Nikaazima mkasi kwa fundi cherehani, nikamketisha uani, nikakikata kile kibonge chote. Chini yake nilikuta chawa na vidonda, mungu sikumkuta. Nikamwosha kwa maji ya mwarobaini. Akaniuliza, "Sasa naweza kujikuna?" Nikamwambia, jikune, mama, mpaka uchoke.

Uliporudi ulipiga ukelele, "Mama, umetuua!" Na Mallavva akasimama pale nje, mtaa mzima ukimsikia: "Mwaka hautaisha atakuwa amekufa huyu!" Haya, mwaka haujaisha na mimi ndiyo huyu nakufa. Na jana, mkidhani nimelala, nilimsikia akimwambia mkeo kwamba nikishazikwa, mtoto apelekwe hekaluni mwezi ukiwa mpevu, ili Mama Yellama apoe hasira. Mkeo alinyamaza. Na wewe, mwanangu, ulikuwepo, nawe ulinyamaza.

Huligevva, inua lile debe la unga wa mtama. Kuna karatasi ya hospitali chini yake. Mpe kaka yako. Soma tarehe, Yamanappa. Kwa sauti, mkeo naye asikie huko jikoni.

Tarehe kumi na nne, mwezi wa kumi na moja, mwaka jana. Na nywele nilizikata lini? Mwezi wa pili mwaka huu, ndiyo. Daktari alikuwa ameshaniambia ini limeharibika, nikawaficha msije mkamuuza nyati kwa ajili yangu. Kuficha ndilo kosa langu, nisameheni. Lakini siku ile naushika mkasi nilikuwa tayari mtu wa kufa, na nilijua. Mallavva alibahatisha tu. Na niwaambie ukweli wote: ningekuwa mzima, sijui kama ningethubutu.

Nikikata roho, Huligevva, zikate shanga hizi kabla hamjaniosha, na msimpe mtu. Watakuja kuwaambia nafasi yangu isikae wazi. Ikae wazi. Mallavva akija kulia mpeni chai, alie, aende zake, msigombane naye mbele ya maiti.

Nilamma yuko wapi? Mleteni... Sogea, mama. Usiogope harufu, ni ugonjwa tu. Ukue. Usome mpaka vitabu vikuchoshe. Mume ukimtaka, mtafute mwenyewe, na ukikosea, ukosee mwenyewe. Mikono yangu yote miwili iko juu yako...

Huligevva, maji. Kidogo... inatosha. Nawe nimekubariki, binti yangu, hujanichosha hata siku moja.

Yamanappa. Ule ukelele nimekusamehe. Ule unyamavu bado. Nipe mkono, useme, Nilamma haendi... Sikusikii. Masikio yanaziba, mwanangu, paza sauti...

Ee. Sema tena.