Uzio Uliokosa Waya

Mheshimiwa Meneja wa Mgodi, Ndugu Mkaguzi wa Mazingira, mama mfugaji pamoja na majirani wote wa upande wa pili wa uzio, mke wa mstaafu, wafanyakazi wenzangu, na wewe Bwana Nyasi uliyekaa hapo mbele ukijifanya hujui tumekusanyika kwa ajili ya nani:

Kabla ya yote, nina tangazo zito. Soksi moja ya mstaafu, ya kijivu, ambayo kupotea kwake kulizua maulizo katika idara zote, imepatikana. Ilikuwa stoo kwangu, nyuma ya pipa la oili. Imeota.

Mnacheka, lakini wanaomjua hawakushangaa. Mgodi ulipomaliza kuchimba ukatuachia kile kilima cha kifusi kisichoota hata gugu, ni nani aliyekwenda kwenye malisho ya asili nyasi zikiwa zimekomaa, akavua buti na kutembea na soksi mpaka jioni, ili mbegu zimnate? Alirudi miguu imejaa kama mito ya kulalia, akakaa mlangoni kwangu akizichambua, na kunikataza nisipige chafya. Shemeji yetu huyu hapa ni shahidi. Siku moja alitoka na beseni akamuuliza mbele ya watu, “Baba watoto, hizi nizifue au nizimwagilie?”

Mheshimiwa Meneja, tuliwahi kununua nyasi za bustani, zimekatwa tayari kama mazulia. Zilikuwa kijani siku ya wageni. Wageni walipoondoka, nazo ziliaga.

Za soksi zilibaki. Tulirudisha udongo wa juu tuliokuwa tumeuhifadhi, zikapandwa, mvua ikanyesha, zikashika. Naye akajenga uzio, akaufunga kwa kufuli, na ufunguo akauvaa shingoni. Hapo ndipo ugomvi ulipoanza, maana kabla ya mgodi hapo palikuwa malisho ya mama mfugaji, na ahadi ilikuwa kwamba atarudishiwa nyasi zikikomaa.

“Baba, bado tu hazijakomaa?”

“Bado, mama.”

“Unangoja zikomae au unangoja posa?”

“Mama, mbuzi wako watamaliza kazi ya maisha yangu kwa asubuhi moja!”

Mbuzi hawakungoja mazungumzo yafike mwisho. Walitoboa kona ya chini, na kila walipotoboa, yeye alikuja stoo akihema: “Mkuu, nipe waya, wale wezi wenye ndevu wameingia tena.” Nimempa mtu huyu waya kuliko nilivyompa mtu yeyote kitu chochote, mke wangu akiwemo, naye analijua hilo.

Halafu ikafika siku ambayo nilimbebea waya mwenyewe hadi kule konani. Ndani ya uzio nyasi zilisimama ndefu, za kijivu, majani makavu yamezifunika mpaka zinakosa pumzi. Pale kwenye tundu, mbuzi walipokula, wakakanyaga mbegu zikaingia udongoni, wakaacha na samadi yao bila kudai malipo, palikuwa na machipukizi mapya, mazito kama nywele za mtoto. Bwana Nyasi alipiga magoti, akayapapasa. Mtu aliyewatukana mbuzi hadharani miaka yote hiyo angesema nini? Alisema, “Rudisha waya stoo.”

Nikamuuliza, basi kwa nini usifungue geti? Akanijibu kwa sauti ya chini, na naomba aniwie radhi kwa kuyatoa hapa: “Kona moja siyo malisho. Nikikosea, yule mama atapoteza ardhi yake mara ya pili, na safari hii ni kwa mkono wangu.”

Ndugu zangu, huo ndio ukali tuliokuwa tukiulalamikia. Mama mfugaji, ulidhani anakunyima. Kumbe alikuwa anakuogopea.

Tangu siku hiyo hajaja tena kuniomba waya. Tundu lililokuwa la mbuzi mmoja mwembamba limepanuka lenyewe, msimu hadi msimu, na kila lilipopanuka alikwenda kuchungulia machipukizi, akarudi akipiga mluzi. Ndugu Mkaguzi naye amepita, amepapasa, ameridhika. Bwana Nyasi, unaondoka na hofu yako ile ile, tunaiona. Lakini sisi tuliokuona ukitembea bila viatu kwa ajili ya majani tunakwambia, kazi yako imeshika mizizi. Usilie, ndugu yangu. Ukilowa, soksi hizo nazo zitaota.

Kwa mujibu wa ratiba, mstaafu sasa atamkabidhi mama mfugaji ufunguo, Mheshimiwa Meneja atakata utepe, na mbuzi wataingia rasmi kwa mara ya kwanza. Nawashukuru kwa masikio yenu na kwa subira ya viti hivi vigumu. Twendeni getini kwa utaratibu, Mheshimiwa mbele.

Mbuzi wamo humo tangu asubuhi.